Majani Yaliyoachwa

Kila Julai ninapokwenda kumkatia jirani yangu Einar majani ya ng'ombe, binti yake hunitangulia shambani, miguu mitupu, mfuko umejaa vitambaa vyekundu. Ana miaka tisa. Akikuta kiota au shimo la mnyama, huchomeka kijiti na kufunga kitambaa, nami hupitisha trekta pembeni. Watu hawasemeshi, lakini kindi wa mashimoni hula ngano kiganjani mwake, na mbweha hupita karibu naye bila haraka. Shangazi yake akija na gari kumchukua akaishi naye mjini, na baba yake akimwambia afungashe nguo, mtoto hujificha majanini mpaka gari liondoke.

Siku moja Julai iliyopita alisimama mbele ya trekta, mikono juu. Nikazima injini. Miguuni pake alilala mtoto wa kulungu, katulia tuli. Nikashuka nimbebe nikamweke kando ya uzio.

"Usimshike, mjomba," alisema, sauti ikikwaruza kwa kukaa kimya. "Mama yake kamwacha hapa. Akirudi asipomkuta, atamtafuta wapi?"

"Na asiporudi?"

Alifunga vitambaa vinne kumzunguka yule mtoto, akaketi mbali kidogo kulinda.

Jioni Einar akanijia. "Bwana, mbona umeniachia majani katikati ya shamba? Au macho hayaoni tena?"

Nikamweleza alichosema binti yake, neno kwa neno. Aliyatazama yale majani, kisha akaitazama barabara aliyoondokea mkewe. Tangu hapo sijamsikia akimwambia mtoto afungashe nguo zake.