Mke wa Mwenye Plau

Mwaka ule pamba ilipokubali, Nkwabi wa kijiji cha Samuye alinunua plau ya kukokotwa na ng'ombe, na wazimu wa utajiri ukampanda. Siku hiyohiyo akamnyang'anya mkewe jembe.

"Mama Paskalina, mke wa mwenye plau halimi. Kaa, nenepa, watu wajue umeolewa!"

Nyamizi, ndiye huyo Mama Paskalina, aliyekuwa mwimbishaji wa kundi la wanawake walimaji, akakaa. Kwani nani hataki raha? Ugali ulielea kwenye samli, nyama ikakolezwa chumvi, kiko hakikumtoka mdomoni. Miaka mitatu akanenepa akawa gumzo la kijiji, na Nkwabi akatembea kifua mbele utadhani aliyenenepa ni yeye.

Msimu wa palizi ulipofika, Nyamizi akawasikia wenzake wakiimba shambani, akainuka awafuate. Hata zizi hakulipita. Pumzi zilimkatika, mgongo na taya vikamuuma, kijasho chembamba kikamtoka. Mayu wee! Aliogopa sana, nasi tusimcheke, maana alijua fika kwamba huenda asiishi kumwona mjukuu.

Nkwabi akampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi zahanati. Onesmo, mganga wa pale, akamwamkia, akampima presha, akausikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Mama, moyo wako umeelemewa. Ni samli, chumvi, tumbaku, na huko kukaa kutwa. Kiko acha leo. Anza kutembea polepole, na ukipata nguvu urudi shambani."

"Jembe tena?" Nkwabi akaruka. "Watu watasema nimefilisika!"

"Na wakija matangani, baba, watasema nini?"

Nkwabi akamshika mkewe mkono, wakarudi kwenye mkokoteni.

Kuacha kiko kulimtoa Nyamizi machozi, akawa anafokea hata kuku. Lakini alitembea, kwanza hadi zizini, halafu kisimani, halafu mbali zaidi. Msimu uliofuata akajifunga kanga, akashika jembe, akaingia kwenye mstari. Alipoanzisha wimbo, wenzake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakurupuka, naye akacheka huku analia. Alifurahi jamani, alifurahi!

Jirani yao Pantaleo alikuwa akipita na baiskeli yake.

"Kulikoni, Nkwabi? Umeuza ng'ombe? Mkeo analima!"

Zamani Nkwabi angekufa kwa aibu. Sasa aliegemea plau yake, akaisikiliza sauti ya mkewe ikipanda bila kukatika.

"Ng'ombe wapo arobaini, nenda kawatazame," alisema. "Nyamizi ninaye mmoja."