Waya Mbili za Rangi Moja

Gari lile lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani, na lilifika Kisangani na tabia ya huko: nyuma halikuwa na taa ya manjano hata moja. Taa nyekundu ileile iliyowaka dereva alipokanyaga breki ndiyo iliyopepesa alipotaka kukata kona. Mwenye gari alikuwa mama mmoja wa Kabondo, muuza vitenge, mjane wa moja ya zile familia za Kiislamu za siku nyingi. Alikuwa amejifunza kuendesha akiwa mtu mzima, na aliendesha kwa uangalifu mkubwa.

"Watu wa nyuma hawajue kama nasimama ao nageuka," aliniambia siku aliyolileta. "Wananipigia honi, wananitukana. Donc uniwekee clignotant za manjano, peke yake, kama magari ya wengine."

Nilikuwa fundi umeme wa magari katika karakana moja ya Mangobo. Karakana yenyewe ilikuwa ya mzee aliyenifundisha kazi. Nilimwita papa, yaani baba, ingawa hatukuwa ndugu. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo kazi za nyaya ndogondogo alizikabidhi mikononi mwangu. Kazi aliyoitaka yule mama nilikuwa nimeiona kwenye simu tu, katika video ya mtu wa nchi nyingine. Lakini aliponiuliza kama niliwahi kuifanya, nilijibu, "Mara nyingi, mama." Nilisema hivyo bila hata kumeza mate.

Siku ya kwanza niliipenda kazi ile. Nilizitoa taa zote mbili za nyuma, nikazimwagia maji ya moto mpaka gundi ikalainika, nikazifungua polepole kama mtu anayefungua kifurushi cha samaki. Ndani, kila moja ilikuwa na chumba kidogo kitupu. Nikatia kishikio cha balbu humo, na mbele yake nikabandika kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa nilichokata kwenye gari bovu lililokuwa limekufa uani kwetu. Nikazifunga tena. Zilipendeza. Mtu asingejua kwamba hazikuzaliwa hivyo.

Siku ya pili ilikuwa ya nyaya. Ilibidi zile nyekundu niziachie breki peke yake, halafu nivute waya mbili mpya kutoka chini ya usukani, zipite chini ya zulia, zifike nyuma: mmoja wa taa ya kushoto, mwingine wa kuume. Nilikuwa na bunda moja tu la waya, la manjano. Nikaona si neno. Nikafunga kifundo kwenye mmoja ili niutambue, nikazipitisha zote. Nilipofika nyuma nikakiona kifundo changu, na hapohapo nikagundua kwamba sikumbuki vizuri nilikifunga upande gani.

Kifaa cha kupimia kilikuwa mezani, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimeinama. Wingu lilikuwa limeshafunga juu ya mto, na mama alikuwa ameketi kwenye benchi na mkoba wake magotini, akinitazama kama watu wanavyomtazama daktari. Niliona aibu kuinuka mbele yake nikapime kitu ambacho nilisema nimekifanya mara nyingi. Nikaunganisha kwa kukisia.

Kisha nikaingia ndani, nikabonyeza kitufe cha warning, kile kinachowasha pande zote mbili kwa pamoja. Mama alisimama nyuma ya gari. Taa za manjano zilipoanza kupepesa, alipiga makofi.

Papa aliuliza kutoka ndani ya karakana, "Umejaribu kila upande peke yake? Ulienda kusimama nyuma?"

"Ndiyo, papa," nikajibu.

Siku tatu baadaye, kama saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa yule mama. Amegongana na pikipiki, si mbali na kwetu, na watu wamemzunguka. "Njoo uwaonyeshe kama taa zangu zinawaka," alisema. "Wanasema sikuonyesha kona."

Nilikimbia. Nilikuta gari limesimama katikati ya njia panda, limeanza kukata kona ya kushoto, bawa lake la mbele la upande huo limebonyea. Pikipiki ililala chini. Motari, yule mwendesha pikipiki wa kubeba abiria, alikuwa mwanaume wa umri wangu, amechubuka kiwiko, na alikuwa akisema kwa sauti kubwa huku akinyoosha kidole. Abiria wake, mwanamke, alikuwa ameketi chini kando ya barabara, ameukumbatia mkono wake wa kuume kifuani. Makemba, ndizi za kupika alizokuwa amezibeba, yalikuwa yametawanyika mpaka kwenye mtaro. Nilisikia watu wakisema kwamba yule mwanamke ni bibi yake mwenyewe, mke wake wa nyumbani.

"Miye nilikuwa nyuma yake," motari alikuwa akisema. "Taa ya kuume ndiyo ilikuwa inawaka. Ya kuume! Nikasema mama huyu anaenda kusimama pembeni. Nikapita kushoto. Alors na yeye akageuka kushoto!"

"Muongo," alisema mwanaume mmoja aliyekuwa anauza mafuta ya chupa mbele ya ile njia panda. "Mi nilikuwa hapa mbele. Nimeona na macho yangu, ya kushoto ndiyo ilikuwa inawaka."

Na wote wawili walikuwa wakisema kweli. Taa za mbele sikuzigusa, zilionyesha kushoto kama mama alivyotaka. Za nyuma zilionyesha kuume. Nilielewa jambo hilo hapohapo nikiwa nimesimama, kabla sijaligusa gari.

Polisi mmoja wa barabarani alikuwa amefika. Alinitazama mikono iliyojaa grisi, akauliza, "Wewe ndiye fundi? Bon, washa tuone."

Nikaingia kwenye kiti cha dereva. Kijiti cha clignotant, kile cha kuonyeshea kona, kilikuwa karibu na vidole vyangu. Sikukigusa. Nilibonyeza warning. Taa zote za nyuma zikawaka, manjano safi, na nikasikia watu wakisema, "Si ziko, zinawaka muzuri!"

Motari hakuwa mjinga. Alikuja mpaka dirishani.

"Hapana warning," alisema. "Uweke ya kushoto peke yake. Halafu wote tuje nyuma tuangalie."

Nilimtazama, kisha nikamtazama polisi, na nikazungumza kwa sauti ile ya ufundi ambayo watu wa karakana tunaitumia wateja wanapouliza mambo mengi.

"Haiwezekani," nilisema. "Ajali imegusa nyaya za kushoto. Nikiwasha upande mmoja, naweza kuchoma gari yote. Lakini mi ndiye nilizifunga hizi taa. Ziko muzuri. Mama alionyesha kushoto."

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Motari akageuka kumtazama bibi yake, na yule mwanamke akainua uso na kumwuliza kwa uchovu, "Ulikuwa unaangalia wapi?"

Gari nililirudisha karakana mwenyewe. Niling'oa zulia, nikabadilisha waya mbili, wa huku ukaenda kule. Kazi ya dakika tano. Papa alikuwa msikitini. Aliporudi nilimwambia kwamba motari mmoja mzembe amemgonga mama wa watu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya sifa kwangu, na hilo ndilo ninaloona haya zaidi kulisimulia. Mama alieneza habari Kabondo nzima kwamba fundi wake alimtetea mbele ya polisi. Watu wenye magari ya aina ile wakaanza kuja: nao wanataka manjano. Niliyafanya magari saba. Kila moja nililipima vizuri, kila upande, nikaenda kusimama nyuma. Nilikuwa nimeshajifunza, na mwalimu wangu alikuwa mkono wa mwanamke yule.

Siku moja nilikuwa na betri ya kupeleka sokoni. Ilikuwa nzito, nikasimamisha toleka, moja ya zile baiskeli za kubeba abiria ambazo siku hizi zimebaki chache kwa sababu ya pikipiki. Nilipakata betri, nikakaa nyuma. Tulikuwa tumeshaanza kwenda ndipo nilipokiona kiwiko cha mwendeshaji na kovu lake: alikuwa yule motari. Yeye hakunitambua. Mtu wa toleka hamtazami sana abiria, anatazama mashimo.

Alikuwa mtu wa maneno. "Betri hii nzito, ndugu," alisema huku akikanyaga. "Mbele ya toleka hii nilikuwa na moto, pikipiki kabisa. Ningekufikisha mara moja."

Akaendelea, kama watu wanavyoendelea na jambo walilolisema mara nyingi.

"Mwenye moto aliichukua. Alisema miye nagonga watu halafu nadanganya. Kweli, nilipatana na gari. Lakini taa yake ilinionyesha kuume, nakuapia. Pale stendi yetu hata sasa wananiita Kuume. Nikipita, wanapiga kelele: Kuume! Kuume! Hii naweza kuvumilia." Akashuka kwenye kipande kibaya cha njia, akasukuma baiskeli nami nikiwa juu yake. "Bibi yangu ndiye hanisadiki. Alikuwa nyuma yangu, hakuona kitu. Mkono wake haukuungana muzuri, hawezi tena kutwanga makemba ya lituma ya kuuza. Hasemi neno. Lakini nikimwambia niliona kuume, anageuka upande."

Nilikuwa nyuma ya mgongo wake, ninaona shati lake lilivyolowa jasho. Ningeweza kusema pale. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Tulipofika sokoni nilishuka, nikamlipa nikiangalia chini, nikaondoka haraka kama mwizi.

Jioni ile nilimwambia papa kila kitu, pamoja na lile "ndiyo, papa" nililomjibu siku ile ya nyaya. Nilitegemea anifukuze. Alifuta miwani yake kwa pindo la kanzu.

"Juu ya nini unaniambia miye?" aliuliza.

"Nimeshindwa kukaa nayo, papa."

"Unaniambia miye kwa sababu miye nakupenda. Wale hawakupendi. Kesho uende kwa wale."

Niliulizia nyumba yao nikaelekezwa; haikuwa mbali, na nilizunguka mtaa mara mbili kabla ya kupiga hodi. Nilimkuta motari akiziba tairi la baiskeli uani, na bibi yake akichambua pondu, majani ya muhogo, kwa mkono wa kushoto, ule wa kuume umeshikilia tu bakuli. Safari hii motari alinitambua. Alisimama.

Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu hawakunipa kiti. Nilieleza waya mbili za rangi moja, na kifundo, na kwa nini taa za mbele zilisema hivi na za nyuma vile. Nilisema kwamba nilijua palepale, nikabonyeza warning kwa makusudi.

Motari hakunipiga. Alisema, "Rudia."

Nikarudia.

"Rudia polepole, yeye asikie."

Nikarudia mara ya tatu, nikimtazama mwanamke. Alikuwa ameacha kuchambua majani. Nilipomaliza hakunitazama mimi kwanza, alimtazama mume wake, na uso wake ukaanza kuvunjika. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba ya watoto." Motari akageuka, akashika pampu ya baiskeli, akaiweka chini tena.

Kisha mwanamke akaniuliza mimi, "Ile wakati alikuambia uwashe ya kushoto peke yake. Miye nilikuwa chini, pale pembeni. Uliniona?"

"Nilikuona, mama."

Akarudi kwenye pondu yake. Afadhali angenitukana.

Motari alitaka jambo moja tu: kwamba niende naye stendi. Twende sasa hivi, alisema, mchana, wote wakiwepo. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Walipomwona wakaanza, "Kuume! Kuume!" kisha wakaniona nyuma yake, wakanyamaza. Mkubwa wa stendi aliwakusanya. Nikasema tena. Ilikuwa mara ya nne siku ile, na haikuwa rahisi zaidi. Mmoja alitema mate karibu na viatu vyangu. Wengine walicheka, lakini si kwa furaha. Motari alisimama amekunja mikono, akitazama nyuso zao moja moja, si uso wangu.

Yule mama wa vitenge nilimwambia kesho yake. Alifunika mdomo kwa mkono. "Miye nimemwita muongo mbele ya watu," alisema. "Kwa mdomo yangu." Aliwaendea yeye mwenyewe, sijui waliongea nini. Najua kwamba baada ya hapo alimtafutia motari pikipiki ya kuendesha kwa jamaa yake mmoja, na kwamba kwangu hakurudi tena.

Lakini pale stendi, kabla hatujatawanyika, kijana mmoja wa pikipiki alikuwa ameniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Na magari mengine uliyotengeneza? Tutajua aje kama nayo haisemi uongo?"

Nilimwambia niliyapima. Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba neno langu halikuwa na uzito wowote pale. Kwa hiyo niliwapigia simu wenye magari wote saba, mmoja mmoja, nikawaomba waje na nizikague taa mbele yao, wao wenyewe wakiwa wamesimama nyuma. Kila mmoja aliuliza sababu, na kila mmoja nilimweleza. Taa zote zilikuwa sawa. Wengine walishukuru, wengine walitikisa kichwa. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja anayesafirisha wagonjwa kwa njia ya Yangambi. Aliona taa ya kushoto ikiwaka, ya kuume ikiwaka, akazitazama nyaya nilizomfungulia kwa mlango wa nyuma, akasikiliza maelezo yangu mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wake kutoka mkononi mwangu, akaingia garini na kuondoka kabla sijamfungia mlango wa nyuma.