Mkono wa Kushoto wa Wakili

Sikuwa nimelewa, wala sikusimuliwa na mtu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, pale Kanduyi, miaka ile simu za mkononi zilikuwa ndio zinaanza kuenea.

Kazi yangu ilikuwa kuchora watu kwa rangi za mafuta. Mjane mmoja wa Kibomet, kule Kitale, Mama Nafula, akaniletea picha ndogo ya pasipoti ya marehemu mumewe, wakili. Alifia ofisini ghafla, hata kwaheri hakusema.

"Mchore akiwa kwa meza yake, fundi," akaniambia. "Hapo ndipo nilikuwa namkuta nikimpelekea chakula."

Picha haikuonyesha mikono. Nikabuni tu, kalamu nikaiweka mkono wa kulia.

Alasiri moja, wingu limetanda, akaingia mwanamume wa suti kwenye kibanda changu cha kuchorea. Niamini, alifanana na yule wa kwenye picha hadi nikajua ni ndugu yake. Akaitazama kazi yangu, akacheka kidogo.

"Kalamu ni ya kushoto, bana."

"Basi keti nikuchore wewe," nikamwambia. "Si mnafanana?"

Akaketi kwa meza yangu, akashika kalamu kwa kushoto, nami nikaanza kuirekebisha ile picha. Kidole gumba kilikuwa na kovu la moto, nikalichora pia. Mvua ikaanza kupiga mabati, na hapo ndipo akaanza kuongea. Aliongea mengi, akinitazama machoni kama mtu anayetuma ujumbe. Sikusikia hata neno. Nikaweka brashi chini, nikainama sikio liwe karibu naye.

"Ati?"

Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Mama muuza mahindi aliyejikinga mvua mlangoni akaapa hakuna mtu aliyetoka.

Mama Nafula alipokuja kuchukua picha na kuifunua, alikishika kile kidole chenye kovu. "Nani alikuambia? Alichomeka akinipikia uji, siku nilijifungua Nafula."

"Ndugu yake alikuja, Mama."

"Hakuwa na ndugu."

Kisha akauliza swali ambalo naliogopa mpaka leo.

"Alisema nini?"

"Mvua, Mama. Sikusikia."

"Midomo ilienda aje? Nionyeshe tu."

Ningemwonyesha nini? Nilijaribu kuichezesha midomo yangu kama ya yule mtu, naye akaikodolea macho kama anayesoma.

Siku hizi sichori marehemu. Lakini kukinyesha Kitale, yeye hunipigia: "Fundi, hujakumbuka hata neno moja?"

Wewe unayenisikiliza, ukiona mtu amekutazama na ana la kusema, acha kazi, msogelee mapema. Wengine hawana nafasi ya kurudia.