Naigaga na Afande Asiyekufa

Pale Walukuba, Jinja, majirani waliiita nyumba ya Naigaga kambi. Kwao Kiswahili ni lugha ya askari, nacho kilisikika pale mchana kutwa. Naigaga alikizoea utotoni Namatala, kule Mbale, kwa Waislamu wenye maduka, akamfundisha mwanawe Isa kwa riwaya za Conrad Mabonga, mtunzi wa visa vya majasusi wa zamani.

Naigaga aliyoipenda kuliko zote ni *Mlinzi wa Bwawa*. Enzi za Waingereza, mlinzi anagundua njama ya kulipua bwawa, anaizuia, anakufa. Mama yake anaambiwa, basi. Asiyoipenda ni *Afande Ngozi Ngumu*. Ukurasa huu afande anapigwa risasi, unaofuata anakunywa chai.

"Siku hiyo mtunzi alikuwa na homa," Naigaga alisema.

Isa aliipenda hiyohiyo. Na Jumatatu alitaka kwenda Mbale kujiandikisha jeshini.

Tangu aambiwe, Naigaga hakupata usingizi wa maana. Jumamosi, akichambua mchanga katika mukene, dagaa wake wa kuuza, alimsukumia mwanawe *Mlinzi wa Bwawa*.

"Nisomee mwisho. Macho yamechoka."

"Mama, macho yako humwona mwizi wa mukene akiwa bado mbali kule Kimaka."

"Soma, wewe."

Akasoma. Alipofika pale mama anapoambiwa, sauti ilimpungua, akafunga kitabu. Naigaga hakuinua uso. Amesikia, alijiambia.

"Maskini," Isa akasema. "Angekuwa na bunduki asingekufa."

"Unasema nini?"

"Yeye kirungu, wale wa njama bastola! Kitabu chenyewe kinasema."

Kitabu hicho Naigaga alikijua kama sala, na hilo hakuwahi kuliona.

"Halafu Kiswahili kitanibeba," Isa akaongeza. "Wenzangu hapa hata 'ndiyo, afande' inawashinda."

Hapo ndipo palipomchoma. Nani alimfundisha? Alichomoa kijiwe kwenye dagaa, akakitupa.

"Gari ni saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Tutakwenda wote."

"Mama! Nani huenda jeshini na mama yake?"

"Yule afande wako asiyekufa hana mama. Wewe unaye."

Isa akacheka. Naigaga hakuwa anatania. Alikuwa anafikiria Jumatatu amwachie nani mukene.