Siku Nilibandika Tumbo ya Tonton kama Mupira wa Baiskeli

Siku ya tatu ya juma, tarehe 12, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza mbele jua itoke, ikakatika saa mbili, kisha jua kali, matope kila pahali.

Haya ya leo ni yangu, sitasukumia mutu. Nimeipata mbele ya munganga, mbele ya stagiaires sita wenye kujifunza udaktari, mbele ya familia yenye ilikuwa inachungulia ku kioo, na hata sasa nikiandika masikio inaniwaka. Lakini (munisamehe) ndani ya ile haya iko kitu ingine kama kiburi, na sijui kama mutu ana haki ya kusikia vyote viwili siku moja. Nilisoma mpaka primaire ya tano tu, donc ninaeleza vile niliona.

Tonton Alphonse, mudogo wa papa yangu, ni muvuvi wa Yanonge, na katika maini yake walikuta uvimbe, ukubwa wake kama ngazi moja, ile mbegu ya mawese. Kupasua haikuwezekana, iko ndani sana, karibu na mushipa mukubwa. Njo akatokea Docteur Espérance, mutoto wa Yangambi (ninaandika hiyo makusudi, watu wajue), na mashini ya kuazima yenye kesho inarudi kupitia uwanja wa ndege wa Bangboka. Jana alituonyesha ku ordinatère: maini rangi ya kahawia, mishipa bluu, uvimbe nyekundu, na mustari moja ya manjano kutoka ngozi mpaka ndani. Ile programu, akasema, inachora njia ya sindano mbele sindano iingie, isiguse mushipa. Ncha yake itapata moto, itachoma ule uvimbe palepale. Tantine Marceline, bibi ya tonton, akauliza kama ordinatère inaona kweli ndani ya mutu. «Inaona, maman, kama tunaisaidia.»

Asubui walimubandika tonton vibati vinane vidogo vyenye kung'aa ku tumbo na ku mbavu, wakamupiga picha ku skaneri, wakamurudisha ku kitanda wakati docteur anachora njia yake upya. Infirmière, ule muuguzi, alisema wazi mutu asiguse. (Niwe wa haki: alisema vizuri kabisa, lakini alimwambia tantine, na tantine alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Miye sikuwa pale, sikusikia, na hakuna mutu alinidanganya.)

Bon, ninyi munajua vile kwetu mugonjwa haendi mbele ya munganga bila kuoga, na kumuogesha ni kazi ya familia. Tonton mwenyewe akaanza: «Mutoto wa kaka, unitakase basi, ule docteur ni musichana wa kwetu, niingie kwake na harufu ya samaki?» Nikachukua beseni na sabuni. Kibati cha kwanza kikatoka chenyewe. Nikawaza, hii ni vitu ya ile picha, picha imekwisha, inafanya nini tena? Nikang'oa vyote vinane, nikapanga mu kisahani cha sabuni kama mutu wa akili.

«Pole pole!» tonton akalia. «Unanisugua kama kadre ya kinga, kama baiskeli ya matope?»

Tantine akarudi, akaangalia tumbo, akaangalia kisahani, akashika kichwa na mikono mbili. «Yesu! Faustin, umefanya nini? Infirmière alisema vile vitu njo ordinatère inafuata ili ijue maini iko wapi! Nikamuite?»

Hapa njo nilipotea. Kama ningesema «muite», singekuwa na mukasa ya kuandika. Lakini niko mutengenezaji wa kinga za toleka, zile baiskeli za kubeba watu, miaka kumi na tano ninabandika raba ku mipira yenye kutoboka, na ku ngozi ya tonton alama za mviringo zilikuwa zinaonekana bado (zingine vizuri, zingine nilikisia, tuseme tatu). Nikasema: «Tantine, acha, hii ni kazi yangu.» Na katika mufuko, kama kila siku, nilikuwa na tube ya gundi. Nikapaka, nikapuliza, nikangoja ikauke kidogo, nikakandamiza na kidole gumba. Vinane vyote! Nikarudi nyuma nikaangalia kazi yangu, nikaipenda.

Wakamupeleka. Sisi tukasimama inje ya kioo, na ku ekra kubwa tunaona kila kitu. Docteur akagusa vibati na fimbo ya mashini, kimoja kimoja, na mashini ikalia tii, tii, tii, maandishi nyekundu. Akaanza tena. Tii. Mulango ulikuwa wazi kidogo, tukasikia docteur.

«Programu inasema tumepotea karibu sentimetre mbili. Haitaki kuendelea.»

Wakageuka kwa Papa Lambert, technicien, muzee wa miwani mwenye alibeba valises za mashini kutoka Bangboka. «Papa, uliiangusha?»

«Hata kidogo, docteur. Niliishika ku mapaja kama mutoto.»

«Basi imeharibika mu barabara. Tufunge. Hatuwezi kuingiza sindano na mashini mugonjwa.»

Papa Lambert akavua miwani, akaanza kuipangusa, na tantine karibu yangu akanitazama. Niliona mambo mawili: tonton anarudi Yanonge na uvimbe wake, na ule muzee anabeba kosa yangu. Kweli, ninaandika vile ilikuwa, niliesabu mpaka tano mbele nipige kioo.

«Docteur, haiko mashini. Ni miye. Niling'oa, nikabandika tena.»

Akainama ku tumbo ya tonton, akanusa. «Njo maana tangu kitambo ninasikia harufu ya atelier ya kinga!»

Stagiaire moja akasema: «Papa, na pompe ulipiga?» Wakacheka wote, na tonton, na madawa yake ya ganzi, akacheka kupita wao: «Mutoto wa kaka! Sasa sitavuja tena!»

Docteur hakucheka. Aliniita ku mulango akanionyesha ku ekra: kama programu ingekubali vibati vyangu, mustari wa manjano ungepita katikati ya mushipa mukubwa.

Kisha gundi ikakataa kutoka. Infirmière alivuta, ngozi ikafuata. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba gundi hiyo haivutwi, inaviringishwa na kidole pole pole kutoka ku pembe. Docteur akasema: «Osha mikono mara tatu, uvae gants.» Nikaingia, nikatoa vyote vinane, hata alama ya damu hapana. Wakasafisha na alcool, wakabandika vipya, wakapiga picha mupya.

Programu inataka mugonjwa asimamishe pumzi kila mara pahali pamoja, maini isitembee. Wanasema wengi wanashindwa. Tonton, mwenye tangu utoto anazama kufunga mitego chini ya maji? Alisimamisha kama jiwe. «Papa, pumua sasa,» docteur akamuomba, «imetosha!» Sindano ikafuata mustari, dakika kumi ya moto, kisha picha ya mwisho, na programu ikaiweka juu ya ile ya kwanza. Docteur akatugeuzia ekra: pahali pa kuchomwa pa kijani, uvimbe mwekundu ndani yake, na kijani inauzunguka pande zote. «Hakuna pahali nyekundu inatoka,» akasema, na sauti yake ilikuwa ya Yangambi kabisa.

Papa Lambert nilimuomba musamaha mbele ya watu, kwa sababu alishitakiwa mbele ya watu. Alinipa mukono. Na nimejiapiza: kitu chenye mutu mwingine alibandika ku mwili ya mutu, nitauliza mbele ya kugusa, na nikiharibu, nitasema mbele ya kutengeneza. Sijui kama nitaweza kila mara. Leo niliweza nikiisha kuchelewa.

Tonton alipewa bouillie, uji tu, kule hospitali, akalalamika. Hapa nyumbani tulikula lituma ya ndizi za kutwanga, pondu ya majani ya mihogo na samaki ya moshi. Tangu waliona ule uvimbe, tantine alikuwa anatugawia chakula na kusema yeye amekwisha kula. Leo alikaa chini pamoja nasi, akamaliza mabonge mawili ya lituma, akanyoosha mukono akachukua nusu ya yangu.