Programu ya Bure na Jina Nililolitaja

Kiwanda chetu cha sabuni kilipobinafsishwa, karibu nusu ya wafanyakazi walirudishwa nyumbani. Sisi tuliobaki tulitembea ndani ya geti lile kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa. Kila mtu alijua orodha nyingine ya kupunguzwa itakuja, ila hakuna aliyejua lini.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya utawala. Wenye mali wapya waliiondoa taipureta yangu, wakaleta kompyuta tatu: moja ya meneja, moja ya mhasibu, na moja ikawekwa mezani kwangu. Yangu ndiyo iliyounganishwa na waya wa simu, hivyo barua pepe zote za kiwanda zilipita mikononi mwangu. Nilijivunia jambo hilo. Morogoro nzima wakati ule waliokuwa na intaneti kazini walihesabika.

Fundi aliyetufungia mashine zile alikuwa mtu wa makamo kutoka Dar, mwenye miwani na haraka nyingi. Alinionyesha namna ya kufungua barua, namna ya kutuma, kisha akaniwekea kijiprogramu cha kunikumbushia maneno ya siri, maana niliyasahau kila siku. Kilikuwa na picha ya jua linalocheka pembeni ya kioo.

"Hiki bei gani?" nilimuuliza, kwa sababu meneja alitaka kila kitu kiandikwe.

"Bure, dada. Hapo pana maandishi mengi, usihangaike nayo. Bonyeza nakubali."

Nikabonyeza.

Mtunza stoo wetu alikuwa Mluguru wa Mgeta, kule milimani, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa pale tangu enzi za serikali. Tuliitana kaka na dada. Mwanangu alipolazwa na malaria ya kichwa, ni yeye aliyezunguka kwenye idara akiniombea ruhusa, na kila aliporudi kutoka kwao aliniletea mfuko wa njegere au mapichi. Mwaka ule alianza kupungua mwili. Alisema ni vidonda vya tumbo, nami nikaitikia vidonda vya tumbo.

Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, wenzetu wamekwenda kwa mama lishe, alikuja akasimama mlangoni pa ofisi yangu.

"Dada, hiyo mashine mtu anaweza kuiuliza kitu chochote?"

"Karibu chochote. Ila majibu mengi ni ya Kiingereza."

"Kiingereza nitakisukuma."

Nilimwonyesha pa kuandikia, nikamwonyesha namna ya kufunga ukurasa akimaliza, kisha nikatoka nikaenda kukaa kwenye benchi la nje. Sikutaka kuchungulia. Alitumia kama nusu saa. Alipotoka alisema tu, "Asante sana, nimefunga kila kitu." Alirudi wiki ile mara mbili, na wiki iliyofuata tena. Kila mara alifunga kila kitu, na wote wawili tuliamini kwamba kilichofungwa kimekwisha.

Baada ya siku chache matangazo yalianza. Nilikuwa naandika barua ya kuagiza magadi, ghafla kikatokea kisanduku cha rangi nyekundu katikati ya kioo. Nikakifunga. Kikaja kingine. Yalikuwa matangazo ya vidonge vya kuongeza kinga, ya kupima damu mwenyewe nyumbani bila mtu kujua, ya bima ya maisha kwa wenye virusi. Kiingereza changu kilitosha kuelewa. Nilikaa nimeshika kipanya. Nilijua ni nani, na nikajua si vidonda vya tumbo. Sikumwambia. Nilidhani nikinyamaza ndiyo ninamsitiri.

Meneja alikuja Jumatatu moja asubuhi kusoma barua ya mteja kwenye mashine yangu. Alivuta kiti, nikasimama nyuma yake. Hakumaliza hata mistari miwili, vile visanduku vikamjaa usoni, kimoja juu ya kingine. Alivisoma vyote polepole. Kisha akafungua mahali nisipopajua, na hapo ikaonekana orodha ndefu ya kurasa zote zilizowahi kufunguliwa, pamoja na siku na saa zake. Kurasa za ugonjwa ule zilijipanga, zote za kati ya saa saba na saa nane mchana.

Aligeuka akanitazama. Alinitazama usoni, akashuka hadi mikononi, kama mtu anayetafuta dalili.

"Ni wewe?"

"Hapana, bosi. Si mimi. Ni mtunza stoo."

Hivyo tu. Hakunitisha, hakuinua sauti. Jina lilinitoka pamoja na pumzi.

Orodha ya kupunguzwa ilitoka baada ya wiki mbili. Kutoka stoo kulikuwa na mtu mmoja tu. Barua yake ya kuachishwa niliichapa mimi, kwenye mashine ileile: "kutokana na mabadiliko ya uendeshaji". Alipokuja kuisaini alinishika mkono, akanipa pole kwa kazi nyingi. Wenzetu wengine hawakumshika mkono. Habari ilikwisha kufika kote, na mama lishe alikuwa amemtengea kikombe chake peke yake.

Fundi alipokuja kufanya matengenezo nilimuuliza kuhusu yale matangazo.

"Ni kile kijiprogramu cha jua," alisema bila kushangaa. "Kinaangalia unafungua nini, kinawapelekea wenyewe, nao wanawauzia wenye biashara nafasi ya kukuonyesha vitu vyao. Wewe ukisoma habari za viatu, utaletewa viatu."

"Si ulisema cha bure?"

"Wewe hulipi. Lakini wale waliokitengeneza wana familia, dada. Ulidhani watakula wapi?"

"Na nani aliwaruhusu?"

Alinionyesha yale maandishi mengi, kurasa na kurasa za Kiingereza cha mawakili. "Wewe. Ulibonyeza nakubali." Akakitoa kwa dakika moja, akaenda kwenye mashine ya mhasibu.

Nilipanda Mgeta mwanzoni mwa masika, juu ya lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, kisha nikatembea mwendo wa saa nzima kwenye matuta ya kabichi, ukungu umenilowesha kitenge. Nyumbani kwao nilimkuta mama yake jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mjini? Yuko ndani, leo ameamka vizuri."

Alikuwa amelala karibu na dirisha, amejifunika mablanketi mawili. Alifurahi. Aliuliza habari za mwanangu, akauliza kama paa la stoo limezibwa. Kisha akacheka kidogo.

"Ile mashine yako ilinisema, dada. Nilifunga kila kitu, lakini ilinisema."

Ningeweza kuitikia. Nilikuwa nimekuja na nia ya kuitikia. Lakini mama yake aliingia na uji, akamwinua kichwa kwa mkono wake, na nilipoona shingo ile iliyokonda nikashindwa.

"Mashine haikukujua jina," nilimwambia, mama yake alipotoka. "Ilionyesha kurasa tu. Jina nililitaja mimi."

Alivuta blanketi hadi kifuani. Nje mtu alikuwa akichanja kuni.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

Akageuza uso ukutani. Nilisubiri anitukane, ingenisaidia. Baadaye alisema, bado ameelekea ukuta, "Teremka mapema, mvua inakuja. Njia ile inateleza."

Alifariki kabla masika hayajaisha. Dawa zilianza kutolewa bure hospitali ya mkoa miaka michache baadaye, na ninawajua watu waliokuwa wagonjwa kuliko yeye ambao leo wanalima. Msibani nilikaa na wanawake wa kiwandani, watatu tu tuliopanda. Mama yake alipotufikia alitushukuru mmoja mmoja. Kwangu alisimama zaidi, akaniambia mwanawe alikuwa akinitaja. Sikuuliza alinitaja vipi. Nilimshika mkono, nikasema pole mama, naye akapita kwa aliyekuwa amekaa baada yangu.