Jani la Mpera

Pwaa, pwaa, pwaa. Kofi la kiganja juu ya mdomo wa bomba: hiyo ndiyo sauti ambayo Jobeda hakuisahau. Fundi alikaa juu ya jukwaa la mianzi, akiziba na kuzibua bomba kwa kiganja, wenzake chini wakilipandisha na kulishusha, tope likiruka, mpaka ukaanza kutoka mchanga safi. Hapo baba yake akacheka. Kisima kile cha pampu kilikuwa zawadi yake ya harusi. Mabinti wengine waliolewa wakapewa baiskeli. Jobeda aliolewa akapewa maji.

Nayo yalikuwa maji kweli. Matamu, maangavu. Kijijini kwao, kusini mwa Bengali, maji hupimwa kwa jani la mpera: ulitie kwenye gilasi, ungoje, yakiwa mabaya hugeuka meusi kama wino. Ya Jobeda hayakugeuka. Ya jirani yake Rahela, yenye kutu, yaligeuka kabla hujapepesa jicho.

"Dada Rahela," Jobeda humtania, "wali wa leo umeupika na misumari mingapi?"

"Cheka tu, mke wa Kashem. Kutu inaongeza damu. Jitazame wewe, uso kama karatasi."

Kisha wapimaji wa maji wakaja na vichupa vyao na makopo ya rangi. Pampu ya Rahela wakaipaka kijani: kunyweni. Ya Jobeda wakaipaka nyekundu. Akawakimbilia na gilasi mkononi, jani likielea.

"Mmechanganya, wanangu. Tazameni jani."

"Jani linaonyesha chuma tu, mama. Hii ni aseniki, sumu ya udongoni huko chini. Haina rangi, haina ladha."

"Haina rangi, nanyi mmeipa rangi."

Jioni ile Kashem, mumewe, aliikwangua nyekundu yote kwa panga. "Baba mkwe hakunipa sumu," akasema, akanywa gilasi mbili mbele ya watu.

Miaka ikapita, viganja vya Kashem vikaota chembe ngumu kama mtama. Chembe zikawa vidonda, vidonda vikaingia ndani. Walipomzika, Jobeda alitwaa mtungi akaenda kwa Rahela, macho chini, akingoja habari ya misumari. Rahela akapampu, akamjazia.

"Mtungi wenyewe mdogo huu," akasema. "Kesho lete mkubwa."

Jobeda akabaki na Moyna, mwanawe wa pekee. Kila asubuhi alivikagua viganja vya mtoto kama achambuaye dengu. Mwezi huu wa Choitro, jua likiwa limeukausha hata umande, kidole cha mama kikakwama. Chembe. Na nyingine, chini ya kidole gumba.

"Dawa yake ni kuyaacha yale maji," daktari alimwambia. "Bado mdogo. Asiyaguse tena kwa kinywa, huenda mwili ukajisafisha."

"Ameshayaacha, daktari. Hatayaonja tena."

Lakini Choitro ni mwezi wa mpunga wa kiangazi, na mashambani mashine zilivuta maji ya chini mchana kutwa. Pampu ya Rahela, iliyo mwinukoni, ikakohoa, ikatoa upepo. Ya msikitini nayo, ile nyingine ya kijani, ikanyamaza. Bwawa likawa tope la kambare. Pampu ya Jobeda tu, huko bondeni, ukigusa mpini inatoa.

Rahela akaja na mtungi. "Yangu imekufa, mwenzangu. Nina wajukuu."

Jobeda akasimama mbele ya mpini. "Si haya, dada."

"Najua si haya. Basi yapi?"

Jobeda akautazama ule mtungi mtupu. Akasogea. Rahela alipampu akiwa amegeuza uso, akaondoka bila kuaga.

Ndani, Moyna alikuwa amelala mkekani. Dafu la mwisho lilikuwa limekwisha jana. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na maneno yakikwama ulimini.

"Mama, nasikia pampu."

Jobeda alitoka, akatazama mbingu. Nyeupe, bila hata wingu la kudanganya. Akateka gilasi moja. Akachuma jani la mpera, akalitia, akangoja, akiomba yageuke meusi, apate sababu ya kuyamwaga. Jani likabaki kijani. Maji yakang'aa.

Akalitoa jani, akamwinua mtoto kichwa.

"Kidogo tu, mwanangu," alisema, sauti ikiwa haitoshi hata kumfikia. "Kunywa kidogo tu."